Anayebaki Ndani Kengele Ikilia

Watu wengi hudhani serikali huja kupima nyumba kwa futi na kamba. Futi huja nayo, hilo si uongo. Lakini nyumba ya kutunzia wazee, katika jimbo la Texas, ilipimwa zaidi kwa mtu wa mwisho kutoka. Kengele ya moto ikilia na wazee wakatoka wenyewe kwa miguu yao kabla ya dakika walizopewa kwisha, basi hiyo ni nyumba kama nyingine. Wanaruhusiwa kuitwa, ila hawaruhusiwi kuvutwa. Akibaki mmoja tu wa kushikwa mkono, serikali inataka dari yote itobolewe, mabomba ya maji yapitishwe juu ya kila chumba, na mwenye nyumba asiyeweza hayo afunge mlango akatafute riziki kwingine.

Nyaboke hakuyaweza hayo, na kufunga hakutaka. Alikuwa nesi, Mkenya wa Kisii, aliyegeuza wagonjwa vitandani katika hospitali za Dallas hata mgongo ukamgomea, ndipo akanunua nyumba ya matofali mekundu kule Mansfield na kupata leseni ya kulea wazee. Mwaka huo wa 2007 alikuwa nao wanne, Wamarekani watupu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukaribisha, na kanisani walimsifu kwa huruma, kwa kuwa aliwachukua Wakongo wawili wasio na mbele wala nyuma. Véronique aliijua huruma ile kutoka ndani, na kutoka ndani haikuwa na sura nzuri hata kidogo.

Wakongo wawili wenyewe ni yeye Véronique na baba yake, Mzee Godefroid, waliotoka milima ya juu ya Uvira, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Tanzania, wakaishia Texas. Nyaboke aliwapa chumba cha nyuma, karibu na mashine ya kufulia. Véronique alipika, akaogesha, akafua, na usiku akaamka kila mzee alipokohoa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Nyaboke alipenda kusema, na kwa kuwa baba alikuwa mzee, binti alipewa majembe yote mawili.

Zoezi la kengele lilikuwa kazi ya Véronique. Mwanzoni lilikuwa balaa. Bibi Opal aliposikia kengele aliziba masikio. Bwana Harlan alidhani ni simu na kusema hayupo. Véronique akabuni dawa yake: kengele ikilia anapita mlango kwa mlango, anapiga makofi na kusema, "Twende!" Neno likawaingia wazee kuliko kengele yenyewe. Wakisikia "Twende" kwa sauti yake, wanaacha kijiko, wanaacha televisheni, wanashika vigari vyao vya kutembelea na kujikokota hadi kwenye sanduku la barua, pale kando ya barabara walipozoea kukusanyika. Asubuhi moja alimwambia Bibi Opal twende tukanywe chai, akamkuta nje kwenye sanduku la barua na gauni lake la kulalia. Nyaboke alicheka mpaka akashika ukuta.

Neno hilohilo lilimshinda mtu mmoja. Mzee Godefroid alikuwa na miguu mizima, kila asubuhi akizunguka uani mikono nyuma kama mwalimu mkuu, maana ndivyo alivyokuwa kwao. Lakini kengele ikilia na binti yake akisema "Twende," alipiga magoti, akaingia mvunguni mwa kitanda, akalala kimya na kiganja chake mdomoni.

Véronique hakuhitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa na miaka kumi na miwili asubuhi ile kengele ya kanisa ilipogongwa kijijini kwao na watu wakaambiwa watoke nje. Mama yake alisema, "Twende," akatangulia. Baba akamvuta Véronique mvunguni, akamziba mdomo kwa kiganja. Waliotoka waliuawa wote, mama akiwa wa mbele, na wale wawili wa mvunguni wakayasikia yote. Sasa mwambie mtu huyo kwamba usalama uko nje, karibu na sanduku la barua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliliwa nyumba nzima.

"Véro, huyu mzee ata-close hii nyumba," Nyaboke alisema siku ya kwanza alipomkuta mvunguni. "Inspector wa state akikuja amkute hapo chini, ataandika kuna mtu hawezi toka. Nikifungiwa, nyinyi mtalala wapi? Under bridge?"

"Mama, Papa haiko mugonjwa," Véronique alisema. "Anaogopa tu. Mumupatie wakati kidogo, atazoea."

"Ako na macho, ako na masikio, ako na miguu. Mtu mzima haogopi kengele."

Wakati hakupewa. Nyaboke aliondoa kitanda, godoro likabaki sakafuni, mvungu ukaisha. Kengele ilipolia tena mzee akaingia kabatini. Nyaboke akang'oa milango ya kabati. Mara ya tatu walimtafuta chumba kizima, wakamkuta amejibana nyuma ya mashine ya kufulia, vumbi na nyuzi za nguo kichwani. Siku hiyo palikuwa na wageni wa kanisani sebuleni, na Nyaboke akawaita waje waone.

"Huyu si mzee," aliwaambia, "huyu ni panya!"

Wageni walicheka, wengine kwa aibu. Mwalimu mkuu wa zamani alijikung'uta vumbi polepole, akawaamkia mmoja mmoja. Véronique alimchukia Nyaboke siku hiyo, chuki safi isiyo na kona, na jioni akampikia chakula kama kawaida.

Wangeweza kuondoka. Binamu yao Parfait aliishi Alief, kule Houston, na kila akipiga simu aliwaita: kuna kanisa la Wakongo, kuna duka la vyakula vya kwao, sombe na samaki wa chumvi wa makayabu, kuna kazi ghalani. Véronique alipolitaja jambo hilo, Nyaboke hakukasirika. Alimwonea huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe enda tu, sijakufunga kamba," alisema. "Lakini hiyo sheria ni ya state. Dallas ni hiyo, Houston ni hiyo. Mahali popote mtaingia, inspector atapiga kengele, na mzee wako ata-fail. Hakuna mtu atawapea nyumba na huyo. Ni mimi tu navumilia."

Véronique aliamini. Angejuaje? Alikuwa ameiona hofu ya mkaguzi usoni mwa Nyaboke, alikuwa amesikia neno "serikali" maisha yake yote, na katika maisha yake yote neno hilo halikuwahi kuleta habari njema. Akamwambia Parfait asubiri.

Mkaguzi alitarajiwa Alhamisi. Mado, rafiki wa Véronique wa kanisani, angekuja mapema siku hiyo kumchukua mzee akae kwake mpaka serikali iondoke. Lakini mkaguzi alikuja Jumatano, mwezi wa saba, asubuhi, akabonyeza kengele ya mlangoni huku Nyaboke akisonga unga wa chapati. Nyaboke alichungulia dirishani na rangi ikamtoka.

"Toa mzee na mlango wa nyuma," alinong'ona. "Muweke kwa gari yako. Usiwashe engine, atasikia aanze maswali. Fungua dirisha kidogo. Ni dakika kidogo tu."

Gari kuukuu la Véronique lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa pekani, na saa hiyo lilikuwa kivulini kweli. Alimketisha baba yake kiti cha nyuma, akateremsha kioo upana wa vidole, akampa chupa ya maji.

"Ni baaskari?" mzee aliuliza.

"Hapana, Papa. Ni mutu wa kuangalia nyumba. Bakia humu, usitoke mpaka nikuje miye mwenyewe."

Mzee aliitikia kwa kichwa na kutabasamu. Katika nyumba ile alikuwa ameambiwa toka, toka, toka. Leo aliambiwa asitoke, na hilo alilielewa.

Mkaguzi aliitwa Bwana Pruitt, mtu mnene, mpole, mwenye penseli sikioni. Hakuwa na haraka. Alipima upana wa ukumbi, akabonyeza vitambuzi vya moshi kimoja baada ya kingine, akainua kizimamoto kuona tarehe yake. Kila mlango wa kutokea aliujaribu kutoka ndani, kwa mkono mmoja, mara mbili.

"Usihitaji ufunguo," alimwambia Véronique huku akiusukuma ule wa nyuma. "Usihitaji hata akili. Mtu mwenye hofu hana akili, ndiyo maana tukaandika sheria."

Véronique alitazama nyuma ya bega lake. Kivuli cha pekani kilikuwa kimeanza kuliacha gari.

Ingekuwa nyumba ya Mmarekani, mkaguzi angemaliza akaenda. Lakini hii ilikuwa nyumba ya Nyaboke, na mgeni haondoki kwa Nyaboke mdomo mkavu, awe askofu awe serikali. Alimketisha mezani, akammiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akamwekea chapati za moto. Bwana Pruitt alikataa mara moja kwa adabu, kisha akala kwa adabu, kisha akala kwa moyo wote, akasimulia juu ya binti yake anayesoma chuo na juu ya goti lake linalouma. Nyaboke akamwongezea. Véronique alisogea kuelekea mlango wa nyuma.

"Rudi hapa," Nyaboke alisema kwa Kiswahili, tabasamu lake likiwa bado kwa mgeni. "Ukitoka akufuate, ni wewe umeua hii nyumba."

"Mama, kule kuna joto."

"Na huku kuna leseni. Lete sukari."

Véronique alileta sukari.

Hatimaye mgeni alifuta mdomo, akasimama, akabonyeza kengele. Ililia kuta zikatetemeka. Mwenye nyumba, kwa utaratibu wao, husimama kando ya mkaguzi na kufunga mdomo, kwa kuwa moto hauji kwa miadi wala haungoji mwenye nyumba awepo. Ni mfanyakazi tu anayeruhusiwa kuwaita. Véronique alipita mlango kwa mlango na makofi yake. "Twende! Twende!" Wazee wanne wakainuka, wakajikokota, wakafika kwenye sanduku la barua. Bwana Pruitt alitazama saa yake, akacheka, akajaribu kulitamka neno lile.

Véronique alitazama upande wa gari. Hakuona kichwa dirishani. Amelala, alijiambia, na akashukuru.

Mkaguzi alizunguka nyumba kwa nje kuhakikisha njia za kutokea hazina kizuizi. Alipofika kwenye gari aliweka mkono juu ya boneti, akauondoa haraka na kuupuliza. Alisema hapo mtu angeweza kukaanga yai. Macho yake yalipita kiooni na kuona chupa ya maji kwenye kiti. Mtu hakumwona.

Waliporudi ndani kupitia chumba cha nyuma, alisimama mbele ya jozi ya viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri.

"Hivi vya nani?"

Nyaboke wala hakupepesa.

"Ni vya baba wa msichana wangu wa kazi," alijibu kwa Kiingereza chake kizuri cha hospitali. "Wanaishi hapa kwangu."

"Ah, sawa. Jamaa za wafanyakazi siwahesabu," Bwana Pruitt alisema. "Nahesabu wale tu uliopewa leseni kuwatunza."

"Najua," Nyaboke alisema. "Uliniambia mwaka jana, kabla hawajaja."

Kiingereza cha Véronique hakikuwa kikubwa, lakini Bibi Opal alikuwa amemfundisha cha kutosha. Alilielewa kila neno. Alimtazama Nyaboke, na Nyaboke akatazama ukutani, na hiyo ndiyo aibu pekee aliyowahi kumwona nayo. Hapakuwa na sheria juu ya baba yake. Haikuwako Dallas, haikuwako Houston. Palikuwa na majembe mawili tu, na mwenye kuyagawa.

Akakimbia.

Mlango wa gari ulimchoma vidole. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mzee Godefroid alikuwa chini, amejikunja kati ya viti, mashavu ya moto na makavu, kiganja kimebana mdomo wake mwenyewe. Alikuwa ameisikia kengele. Alikuwa amesikia na "Twende" ya binti yake, kupitia upenyo wa kioo. Akafanya alichofanya siku zote, na akakifanya vizuri, hata serikali ikapita kando yake isimwone. Chupa ya maji ilikuwa imejaa.

Bado alikuwa anapumua, kwa shida, na hakumtambua binti yake. Bwana Pruitt, goti lake bovu na yote, alisaidia kumbeba na kumtia maji, akaita gari la wagonjwa, akauliza huku anahema, "Ameingiaje humu?"

"Anapenda kukaa garini," Nyaboke alisema upesi. "Mzee, unajua tena. Akili imechoka." Kisha, kwa Kiswahili, bila kuinua sauti: "Gari ni yako, Véro. Mlango umefunga wewe. Sema ingine uone nani ataenda jela."

Polisi walipouliza, Véronique aliitikia kwa kichwa. Ndiyo, Papa alipenda kukaa garini. Ndiyo, akili yake ilikuwa imechoka. Baba yake alikufa hospitalini kabla ya Jumapili, na binti aliyemfungia mlango ndiye pia aliyemwita kichaa. Nyumba ilifaulu. Cheti kilikuja na kutundikwa ukumbini, kwa sababu sheria ile ni ya majengo, na gari si jengo.

Walimzika Houston, watu wa kanisa la Alief wakiimba. Baadaye, nyumbani kwake, Parfait alimuuliza Véronique kwa nini hakumleta mzee zamani.

"Sheria ya état, ya serikali," Véronique alisema. "Papa hakukuwa anatoka kama kengele inalia."

"Sheria gani?" Parfait alishangaa. Alinyoosha kidole chumba cha pili, ambako bibi yake mzaa mama alikuwa kitandani. "Koko hasimamake tangu mwaka mzima. Hakuna mutu wa état mwenye alikuja hapa hata siku moja."

Walimbembeleza abaki. Kazi ilikuwapo, godoro lilikuwapo. Véronique alisema kuna kitu amekisahau Mansfield, akaendesha gari lile lile kurudi kwa Nyaboke.

Nyaboke alimpokea kwa machozi na kumtaja kanisani kama mfano wa kusamehe. Na kweli msichana alifanya kazi kuliko zamani. Hakununa. Zoezi la kengele alilifanya kila mwezi, makofi na "Twende," na Bibi Opal, ambaye kumbukumbu ilikuwa inamtoka kama maji kwenye kikapu, alisahau majina ya wanawe lakini neno lile hakulisahau. Wazee wengine nao walizidi kulitegemea. Kengele yenyewe hawakuisikia tena, ilikuwa kelele tu. Walichongoja ni sauti ya Véronique.

Mwaka uliofuata Bwana Pruitt alikuja tena. Chapati zilikuwa tayari. Alimpa Véronique mkono, akasema anasikitika mpaka leo kuhusu baba yake, na macho yake yalikuwa ya kweli. Alikula, akapima milango, kisha akamchukua Nyaboke wakasimama pamoja nje, kwenye sanduku la barua, saa mkononi. Kengele ikalia.

Véronique alitembea ukumbini polepole. Bwana Harlan alimtazama kutoka kitini, akingoja. Wa mlango wa pili alimtazama, wa tatu akamtazama. Aliwapita wote kimya. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Bibi Opal, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya kigari chake cha kutembelea, uso umeinuliwa kama mtoto anayesubiri kubebwa.

Véronique alimgusa shavu. Kisha akapiga magoti, akaingia mvunguni.

Sakafu ilikuwa baridi. Mbele ya macho yake palikuwa na miguu ya Bibi Opal katika ndara zake za manyoya.

"Mpenzi," kizee kiliuliza kutoka juu, "bado wakati haujafika?"

Nje, Nyaboke alianza kuita. Kwanza aliita kwa hasira, "Véro! Wewe Véro!" Mkaguzi akamwambia anyamaze, hairuhusiwi. Hakunyamaza. Aliita tena na sauti ikavunjika, "Véro mwanangu, wa-tell watoke! Twende! Twendeni, jamani!"

Ndara za manyoya zilinyanyuka kidogo kwa neno lile, zikasita. Haikuwa sauti yenyewe. Zikarudi chini, zikatulia, na kengele ikaendelea kulia, na dakika za serikali zikaisha hakuna hata mzee mmoja aliyetoka. Mvunguni, Véronique aliweka kiganja mdomoni na kubana, kama alivyofundishwa na baba yake.